Kasi barabarani Nairobi: Kati ya huruma ya polisi na tamaa ya faini

DEREVA anayeingia Nairobi alfajiri akitokea upande wa Nakuru huwa anateremka. Kutoka Kikuyu hadi Kangemi, kisha Westlands na Museum Hill, barabara ya Waiyaki Way hushuka polepole kuelekea katikati ya jiji. Ni barabara pana, na saa hiyo magari huwa machache. Gari huongeza mwendo hata kabla dereva hajakanyaga mafuta. Akitupia jicho kipima mwendo, huona 75 au 80, wala hahisi kwamba ametenda kosa.

Hata hivyo, akishaingia mjini, kiwango cha kawaida cha sheria ni kilomita 50 kwa saa. Endapo atakutana na askari mwenye kifaa cha kupimia kasi, mambo kadhaa yanaweza kutokea. Huenda akaonywa na kuachiliwa. Huenda akapelekwa mahakamani. Au huenda mazungumzo mafupi dirishani yakamaliza kesi ambayo haitaandikwa popote.

Kwa miaka mingi wakazi wa Nairobi wamelumbana kuhusu jambo hili. Je, polisi anayemsamehe dereva aliyezidisha kilomita chache anatumia busara ama anauza sheria? Na anapomnasa, analinda maisha ya watu ama anatafuta fedha? Makala haya yanaeleza sheria ilivyo, inavyotekelezwa, na sababu inayofanya huruma na tamaa zilete madhara yale yale barabarani.

Sheria inavyosema

Kiwango cha kilomita 50 kwa saa kimewekwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Kinahusu miji, manispaa na vituo vya biashara, isipokuwa pale ambapo mamlaka ya barabara imeweka alama ya kiwango tofauti. Nje ya miji, magari madogo ya kibinafsi huruhusiwa kwenda hadi kilomita 100 kwa saa katika barabara ya kawaida, na 110 katika barabara ambayo pande zake mbili zimetenganishwa. Matatu, mabasi na malori hayaruhusiwi kuzidi 80.

Katika upande wa magharibi wa Nairobi, viwango hivi hukaribiana mno. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022, ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kiwango chake ni kilomita 80 kwa saa. Sehemu yake imejengwa juu ya nguzo, ikipita juu ya Uhuru Highway na Waiyaki Way. Hivyo dereva akishuka kutoka juu hadi chini, katika muda usiozidi dakika moja, huwa amevuka kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Asipoona alama, miguu na macho yake hubaki katika mwendo wa juu.

Upana wa barabara nao humdanganya. Barabara iliyojengwa kama njia kuu ya mwendo wa kasi humwambia dereva aende mbio, hata kama sheria inamwambia apunguze. Hapo ndipo malalamiko kuhusu mitego huanzia. Wenye magari hudai kwamba polisi wenye vifaa vya kupimia kasi hupenda kusimama mahali penye mteremko na pasipo alama, badala ya karibu na shule au kivuko cha watembea kwa miguu. Mahali pa kwanza huvuna wakosaji wengi kwa muda mfupi, ilhali mahali pa pili ndipo mwendo wa kasi huua.

Huruma iliyoandikwa

Wengi hawajui kwamba huruma kwa anayezidisha mwendo kidogo imeandikwa katika sheria za Kenya zenyewe. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki, zilizonuiwa kuleta faini za papo hapo, ziliweka ngazi ya adhabu. Anayezidisha kiwango kwa kilomita 1 hadi 5 huonywa tu. Anayezidisha kwa kilomita 6 hadi 10 hutozwa Sh500. Kilomita 11 hadi 15 ni Sh3,000, na kilomita 16 hadi 20 ni Sh10,000. Anayepita hapo hufikishwa mahakamani.

Uvumilivu wa namna hii haupo Kenya pekee. Polisi wa Uingereza wamekuwa na mwongozo wa kutomchukulia hatua dereva mpaka azidishe kiwango kwa asilimia 10 na maili mbili zaidi. Sababu yake inaeleweka: vipima mwendo vya magari havilingani kwa usahihi, na hata kifaa cha polisi kina kasoro yake ndogo. Kumtoza mtu faini kwa kilomita mbili ambazo pengine hazikuwepo ni kuifanya sheria ichekwe.

Lakini uvumilivu huo una gharama. Madereva wakishajua kwamba 55 hupita bila faini, 55 ndiyo hugeuka kuwa kiwango, na 60 ndiyo huanza kuhesabiwa kuwa kosa dogo. Kwa hiyo ni lazima pawe na mpaka ambapo huruma inaishia, na mpaka huo uwe mmoja kwa kila mtu: mwenye gari la kifahari anayeelekea Lavington na mwenye matatu kuukuu anayeelekea Kawangware.

Itazamwe tena ngazi ile ya mwaka 2016. Katika barabara ya kilomita 50, dereva aliyepimwa 65 anadaiwa Sh3,000, naye aliyepimwa 66 anadaiwa Sh10,000. Kilomita moja ina thamani ya Sh7,000. Iwapo kipimo hicho kinaonwa na askari na dereva peke yao, na hakihifadhiwi mahali ambapo mtu wa tatu anaweza kukikagua, basi askari huyo ameshika mkononi Sh7,000 ambazo anaweza kumpa dereva ama kumnyima. Hapo biashara huwa imekwisha kufungua milango, hata kama hakuna aliyetamka neno.

Huruma isiyoandikwa

Aina ya pili ya huruma haimo katika kanuni yoyote. Ni ile ya kumwachilia mtu kwa sababu ya alivyo, anayemjua, ama alichotoa. Gari lenye nambari za serikali hupita. Matatu yenye mwenyewe mkubwa hupita. Dereva mwenye haraka, asiyetaka kupoteza siku nzima katika Mahakama ya Kibera au Milimani, hutoa noti naye akapita.

Tatizo hili ni la zamani. Transparency International tawi la Kenya ilipotoa ripoti yake ya kwanza kuhusu hongo mijini mwaka 2002, polisi ndio walioshika nafasi ya kwanza. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, chini ya Johnston Kavuludi, ilipoanza kuwapiga msasa maafisa wa trafiki, iliwataka waeleze fedha zilizopita katika akaunti zao za M-Pesa. Umma ulisikia jinsi baadhi yao walivyoshindwa kueleza fedha hizo, zikiwemo zile zilizotumwa kwa wakubwa wao. Wapo waliopoteza kazi.

Ukaguzi huo ulibadilisha namna ya kulitazama tatizo. Kabla ya hapo, mwananchi alimwona askari wa barabarani kuwa mtu mmoja mwenye njaa. Lakini ikiwa fedha hupanda kutoka barabarani hadi ofisini, basi askari aliye kando ya Waiyaki Way huwa ni mtu mwenye deni la kulipa kila jioni. Askari wa namna hiyo hawezi kuwa na huruma ya kweli wala ukali wa kweli. Atamsimamisha asiye na kosa siku ambayo mapato ni haba, na atamwachilia mkosaji mkubwa mradi ametoa.

Serikali imejaribu mara kadhaa kuvunja mtandao huu. Mnamo Februari 2004, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alianza kutekeleza kanuni zilizolazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kwa muda, nidhamu ilionekana. Kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa, na ukaguzi ukalegea. Novemba 2018, mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia walilazimika kuzifufua kanuni hizo hizo.

Isitoshe, kidhibiti cha kilomita 80 hakimsaidii mtu anayevuka barabara Kangemi ama Dagoretti Corner. Matatu yenye kidhibiti kizima bado inaweza kupita hapo kwa kilomita 80, yaani 30 zaidi ya kiwango cha mjini. Kifaa humzuia dereva katika barabara kuu ya mbali, lakini ndani ya jiji kinachobaki ni askari na dhamiri.

Fedha huenda wapi?

Kisheria, faini inayotozwa na mahakama ni mali ya serikali. Haiingii katika mfuko wa kituo cha polisi wala wa askari aliyekamata. Dhamana ya pesa taslimu inayolipwa kituoni nayo si faini. Ni amana ambayo mwenyewe anastahili kupewa risiti, na hesabu yake hufanywa kesi inapokwisha.

Kwa mpango huo, askari hana faida yoyote halali katika kumnasa dereva. Faida yake ipo katika kutomfikisha mahakamani. Kadiri faini ya mahakamani inavyokuwa kubwa, na kadiri kesi inavyochukua muda mrefu, ndivyo dereva anavyokuwa tayari kutoa zaidi ili aepuke. Bunge liliongeza adhabu za trafiki kwa kiasi kikubwa mwaka 2012, kupitia mswada ulioletwa na aliyekuwa Mbunge wa Gem, marehemu Jakoyo Midiwo. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Wenye matatu walipinga wakisema kwamba faini kubwa zingepandisha tu bei ya hongo. Kauli hiyo ilitoka kwa watu wenye maslahi yao, lakini hesabu yake si ya kupuuzwa: adhabu kubwa isiyo ya uhakika humtajirisha anayeiuza.

Je, dawa ni kuipa polisi ama kampuni sehemu ya faini ili wafanye kazi kwa bidii? Nchi nyingine zimejaribu. Uingereza, kuanzia mwaka 2000, iliruhusu polisi na mabaraza ya maeneo manane kurudishiwa gharama za kamera za kasi kutoka kwa faini zilizopatikana, kisha mpango huo ukaenezwa kwingine. Kamera ziliongezeka, na pamoja nazo manung'uniko kwamba zilikuwa za kukamua wenye magari. Mwaka 2007 mpango huo ulikomeshwa, na fedha zikatengwa kwa njia ya bajeti ya kawaida ya usalama barabarani.

Majirani zetu Waganda walionja shubiri hiyo mwaka 2025. Mfumo wa kamera wa kutoza faini bila askari ulipoanza kufanya kazi, aliyezidisha kwa kilomita 1 hadi 30 alitozwa Sh200,000 za Uganda, na aliyepita hapo Sh600,000. Baadhi ya maeneo yaliwekewa kiwango cha kilomita 30 kwa saa. Wananchi walilalamika kwamba viwango ni vikali, alama hazitoshi, na kwamba kampuni ya kibinafsi ingenufaika na faini hizo. Juni mwaka huo serikali ilisitisha mfumo huo kwa muda ili uangaliwe upya. Mashine haikudai hongo, ila watu waliikataa kwa sababu waliamini kwamba iliwekwa kwa ajili ya fedha.

Nchini Tanzania, ambako kifaa cha kupimia kasi hujulikana kama tochi, faini ya papo hapo imekuwa Sh30,000 za nchi hiyo, ikilipwa kwa nambari ya malipo ya serikali. Faida yake ni kwamba dereva anajua bei, na fedha hazipiti mkononi mwa askari. Ila huko pia madereva huambiana kwa ishara za taa kwamba tochi iko mbele. Hupunguza mwendo, hupita, kisha huongeza tena. Wanachoogopa ni kifaa, wala si ajali.

Wanaolipa kwa uhai

Katika mabishano haya ya madereva na polisi, mtu wa tatu husahauliwa. Tangu 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwao. Katika vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, maelfu ya wakazi wa Kangemi, Kawangware na Uthiru hutembea kwenda kazini na shuleni, wakivuka barabara ambazo zilipanuliwa kwa ajili ya magari.

Hesabu ya mwendo ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 80, husafiri mita 22. Dereva akichukua sekunde moja kumwona mtoto na kukanyaga breki, tayari amepoteza mita nane zaidi. Kisha breki zenyewe zikianza kushika, umbali unaohitajika ili gari lisimame katika mwendo wa 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa 50. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Tofauti hiyo ya 50 na 65 ndiyo ile ile ambayo katika ngazi ya faini ina bei ya Sh3,000, na ambayo kando ya barabara huenda ikamalizwa kwa noti moja. Askari anayeisamehe hadhani kwamba amemdhuru mtu. Dereva anayetoa noti naye haoni aliyeumia. Anayeumia hayupo pale. Atakuwa akivuka barabara wiki nyingine, mbele ya gari ambalo dereva wake amezoea kwamba mwendo una bei, na bei hiyo anaimudu.

Haki na wajibu wa dereva

Dereva aliyesimamishwa ana haki ya kuelezwa kosa lake. Ni busara aombe kuona kipimo na kuuliza kiwango cha barabara hiyo ni kipi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi iwapo muda huo unaishia nje ya saa za mahakama. Kifungu hicho pia kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee ama kifungo kisichozidi miezi sita.

Faini halali hulipwa kwa njia inayotoa risiti. Pesa zinazoombwa mkononi kando ya barabara, bila karatasi, si faini. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), na yale ya hongo kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Lakini dereva naye asijifanye malaika. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji sawa na anayepokea, na kifungo chake kinaweza kufikia miaka 10. Anayelalamika kwamba polisi ni wafisadi, huku akiwa na noti iliyokunjwa ndani ya leseni yake, anajilalamikia mwenyewe.

Njia iliyopo mbele

Marekebisho yanayohitajika hayana siri kubwa. Alama za kiwango zionekane mahali ambapo mwendo hubadilika, hasa penye mteremko na pale magari yanaposhuka kutoka barabara ya kulipia. Kila kipimo kihifadhiwe pamoja na saa, mahali na picha, ili askari asiweze kukipunguza wala kukiongeza. Maeneo ya upimaji yachaguliwe kwa kufuata takwimu za vifo, na orodha yake itangazwe. Fedha za faini zisimnufaishe anayepima, awe askari ama kampuni, bali bajeti ionyeshe wazi zilivyotumiwa katika madaraja na vivuko vya watembea kwa miguu.

Njia nyingine ni kupima wastani wa mwendo kati ya sehemu mbili. Katika Nairobi Expressway, ambako ada hutozwa kulingana na umbali, tayari mfumo hujua gari limeingilia wapi na kutokea wapi. Anayefuata kiwango cha 80 huhitaji takriban dakika 20 kumaliza kilomita 27. Anayemaliza kwa dakika 15 amekwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hakuna haja ya mtu kujificha kichakani ili kulijua hilo. Kupima kwa namna hii pia huondoa mchezo wa kupunguza mwendo mbele ya kamera na kuongeza baadaye.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika barabara za Nairobi msumeno huo umekuwa ukikata upande wa asiye na noti pekee. Onyo kwa aliyezidisha kilomita tatu ni jambo la haki, mradi yule mwenye gari la serikali na yule wa matatu wapate onyo lilo hilo, na mradi aliyezidisha kilomita 20 asipate njia ya kulinunua.

Kesho alfajiri Waiyaki Way itateremka kama kawaida, na wanafunzi wa Kangemi watakuwa kando yake wakisubiri nafasi ya kuvuka. Usalama wao utategemea kama dereva anayeshuka ana hakika kwamba kilomita 50 ni kilomita 50, yeyote awaye, na yeyote atakayemsimamisha.